Mtihani wa Punda Aliyekula Nguo

Nyumbani kwa Masouda kila asubuhi kulikuwa na kelele zilezile. Masouda hukaanga maandazi, binti yake Kheiria hutafuta kiatu cha pili, na mumewe Ghanim husimama mbele ya kioo akiuliza kama amependeza. Walikuwa wamerudi Maskati kutoka Unguja mwaka ule wa 1970. Walipanga vyumba viwili kwa Bi Mahbuba, mjane mwenye moyo mzuri na mdomo usiokaa kimya. Bi Mahbuba ndiye aliyemwambia Ghanim kwamba kanzu yake imekosea mji, kwani haina kishada shingoni. Ghanim akaenda kushona dishdasha yenye kishada siku ileile. Alikuwa mtu mwema, lakini kusifiwa alikupenda kuliko chakula.

Alifanya kazi Matrah, mji wa jirani, kwenye ghala la serikali la vifaa vya zahanati. Alichukuliwa kwa majaribio tu. Unguja alikuwa mtunza ghala hodari, lakini kule karatasi zote zilikuwa za Kiingereza au Kiswahili. Hapa zilikuwa za Kiarabu. Mkubwa wake, Bwana Harub, alimwambia wazi kwamba ajifunze Kiarabu upesi, ama sivyo kazi atapewa mwingine. Ghanim akaenda kujiandikisha shule ya jioni ya watu wazima.

Masouda alikuwa akifanya kazi katika shule hiyohiyo. Kiarabu alikijua vizuri, kwani alilelewa na bibi aliyekataa katakata kusema lugha nyingine. Kazi yake ilikuwa kuwapima wanafunzi wapya na kuwapanga madarasa. Mwanamke kupima wanaume lilikuwa jambo geni, na wapo walionung'unika. Lakini walimu walikuwa haba, na watu walikuwa na njaa ya kusoma, basi wakanyamaza.

Mkuu wa shule, Ustadh Aflah, alikuwa na njia yake ya kupima. Mtu huitwa mezani, hupewa kitabu, husoma kwa sauti. Akisoma vizuri, anakwenda darasa la tatu. Akijikwaa, la pili. Akishindwa kabisa, la kwanza.

Siku ya Ghanim, Masouda akiwa mezani na daftari la majina, kisa kitabuni kilikuwa cha punda wa dobi aliyekula nguo alizobebeshwa. Maandishi yalikuwa makubwa, yametiwa irabu zote kama ya kitabu cha watoto, ili hata asiyejua neno aweze kulitamka. Ghanim alikohoa, akavuta pumzi, akaanza. Kila herufi ilitoka mahali pake. Kha ilikuwa kha, ghaini ilikuwa ghaini. Palipotaka kuvutwa alivuta, palipotaka kusimama alisimama. Utotoni alisomea Kurani chuoni kwa maalim mwenye bakora ndefu, na bakora ile haikupotea bure. Wazee wawili wa Unguja waliokuwa foleni waliinamisha vichwa, na mmoja akafuta machozi. Nyuma yao alikuwepo Sleyum, mpagazi wa Sidab, aliyefanya kazi chini ya Ghanim palepale ghalani. Sleyum alikuwa akitazama ukuta huku mabega yakimtikisika, kwani Kiarabu ndiyo lugha ya mama yake na alijua habari ni ya punda.

"Darasa la tatu," alisema Ustadh Aflah, aliyekuwa akisikiliza, kwa furaha. "Laiti wote wangesoma hivi."

Zamu ya Sleyum ilipofika, alirudisha kitabu bila kukifungua. Alisema herufi hazijui, hata moja. Akaandikwa darasa la kwanza.

Habari zilimfikia Bi Mahbuba kabla Ghanim hajafika nyumbani. Alipika halwa, akaigawa mtaa mzima, na kila aliyepewa aliambiwa kwamba ndani ya nyumba yake anakaa msomi. Masouda naye alifurahi, kwa nini aongope? Alimwona mumewe akitembea kifua mbele, naye akatembea kidogo hivyohivyo.

Lakini darasani mambo yalikuwa mengine. Mwalimu wa darasa la tatu alizungumza Kiarabu mfululizo. Ghanim aliitikia kwa kichwa. Wenzake wakicheka, naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Akiulizwa swali, alijibu "inshallah." Kuuliza hakuweza. Mtu ambaye halwa ya usomi wake imeliwa mtaa mzima atauliza vipi maana ya neno dogo?

Ghalani nako ikatokea mkasa. Bwana Harub aliandika kwamba vitanda vipya vibaki Matrah. Ghanim akavipeleka zahanati ya Bawshar vyote. Mgonjwa mmoja Matrah alilala sakafuni mpaka gari liliporudi. Bwana Harub alimwita Ghanim akamwambia kwamba likitokea jingine la namna hiyo, asije tena kazini. Nyumbani Ghanim alisema dereva ndiye aliyekosea. Masouda akamwamini.

Siku moja Ghanim alisahau chakula chake, na Masouda akampelekea. Alipofika ghalani alikuta wapagazi wamesimama mbele ya mlango. Bwana Harub alikuwa amekwenda Bawshar, na kabla ya kuondoka alibandika tangazo lenye herufi kubwa na irabu, ili asipatikane mtu wa kusema hakuelewa. Ghanim alikuwa akilisoma kwa sauti. Alilisoma vizuri mno. Masouda, kikapu mkononi, alisikia kila neno. Tangazo lilisema masanduku ya dawa yasitoke ghalani mpaka tabibu aje kuyakagua, kwa sababu baadhi ya dawa zimeharibika kwa joto.

Wapagazi walisikiliza. Kisha wote, kwa pamoja, waliketi chini, na Sleyum akatoa tende mfukoni.

"Mbona mnakaa?" Ghanim aliwauliza kwa Kiarabu chake cha sokoni. "Yallah, masanduku garini, yaende Bawshar."

Sleyum alimtazama kwa adabu. "Bwana, si umesema yasitoke?"

"Nani kasema?"

"Wewe, bwana. Sasa hivi. Na umesema vizuri sana."

Ghanim aligeuka kulitazama tangazo kana kwamba limembadilikia. Akawaamrisha wapagazi wapakie upesi. Masanduku mawili yalikuwa yameshainuliwa Masouda alipopita katikati ya watu, akasimama mbele ya gari. Aliwaambia wapagazi wayarudishe. Kisha akamvuta mumewe nyuma ya magunia, mahali wasiposikika.

"Baba Kheiria, nnakuuliza, na unijibu kweli. Tangazo linasemaje?"

"Linasema masanduku ya dawa yapelekwe kwa tabibu."

"Umejuaje?"

Ghanim alianza kuhesabu kwa vidole. "Nimeona sanduku. Nimeona dawa. Nimeona tabibu. Yote hayo nnayajua, ni maneno yetu. Sasa kimebaki nini?"

"Kimebaki 'yasitoke'."

Ghanim alikaa juu ya gunia. Masouda alitaka kucheka, lakini mumewe alikuwa akihesabu upya kwa vidole, akitafuta neno lililompita, na kicheko kikamkauka. Akamuuliza tena, safari hii polepole, kisa alichosoma siku ya mtihani kilikuwa cha nini.

"Kilikuwa cha mcha Mungu mmoja," alisema Ghanim kwa sauti ndogo. "Aliwagaia masikini libasi, nguo zake zote."

"Kilikuwa cha punda. Alikula nguo za watu."

Nje wapagazi walisikika wakila tende.

Basi Ghanim akamwaga yote. Alisema vitanda havikukosewa na dereva. Alisema darasani haelewi kitu, na kila jioni anakwenda kama anayekwenda kung'olewa jino. Masouda alimsikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kujilaumu yeye mwenyewe. Yeye ndiye aliyekaa mezani. Yeye ndiye aliyeandika jina. Dawa zilizoharibika zilikuwa karibu kwenda kunyweshwa watoto wa watu wa Bawshar, na mumewe alikuwa karibu kufukuzwa kazi, kwa sababu mtihani wake ulipima sauti tu.

"Nataka ushuke darasa," alisema.

"Nishushwe na mke wangu? Bi Mahbuba atasema nini?"

"Bi Mahbuba atasema, hilo halina dawa. Lakini ukibaki pale, mwisho wa majaribio kazi huna. Darasa si cheo, Baba Kheiria. Darasa ni kama kiatu. Kikiwa kikubwa huendi mbali, utaanguka tu."

Jioni ile Masouda alimwendea Ustadh Aflah. Ustadh hakupenda. Alisema darasa la tatu ndilo fahari ya shule, na hajawahi kusikia usomaji kama ule. Masouda hakubishana naye. Aliomba ruhusa ya jambo dogo tu. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika kwa Kiarabu, na kutia irabu zote: Simama, ufunge mlango, kisha urudi ukae. Wakaingia darasa la tatu pamoja.

Masouda alimpa karatasi mzee yule aliyefuta machozi siku ya mtihani. Mzee akaisoma kwa sauti tamu. Akabaki amekaa. Masouda akampa mwingine. Naye akasoma kwa utulivu mkubwa, akaibusu karatasi, akairudisha. Wa tatu aliyavuta maneno mpaka Ustadh Aflah akafumba macho kwa raha. Mlango ulikuwa bado wazi. Mbuzi wa jirani aliingia, akatazama darasa, akaanza kutafuna ncha ya mkeka.

"Nani kati yenu atafanya inavyosema karatasi?" Masouda aliuliza kwa Kiswahili.

Wenyeji wa lugha, waliokuwa wachache humo, walitazama chini kwa haya ya kuwaumbua wenzao. Wengine walitazamana. Hawa wote walikuwa watu wa Unguja, na wote walisoma chuoni vizuri kama Ghanim. Ghanim mwenyewe alikuwa nyuma, amejikunyata.

Masouda akamwita Sleyum kutoka darasa la kwanza. Huko mwalimu alikuwa akiwaonyesha kiti na kusema hiki ni kiti, na Sleyum alikuwa amesinzia. Masouda alimkalisha, akamwonyesha karatasi. Sleyum akasema haijui hata herufi moja. Masouda akamsomea. Sleyum alisimama, akaufunga mlango, akarudi akakaa. Mbuzi alikuwa bado ndani, lakini karatasi haikusema kitu juu ya mbuzi.

Ustadh Aflah alijifuta uso. Mbuzi aliendelea kutafuna mkeka.

"Mambo ni mawili, Ustadh," alisema Masouda. "Kujua herufi ni jambo moja. Kujua maana ni jambo jingine. Hawa wana herufi, hawana maana. Sleyum ana maana, hana herufi. Sisi tuliuliza moja tu, tukawaweka wote mahali pabaya. Tena tukamsifu aliyekosea mahali."

Ustadh Aflah alikuwa mtu wa kiburi kidogo, lakini alipenda shule yake kuliko kiburi chake. Alimuuliza kwa unyenyekevu wafanye nini.

Masouda akamweleza. Kila mtu apimwe mara mbili. Kwanza asome kwa sauti. Kisha asome kimya, na afanye lile lililoandikwa, au alieleze kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kiswahili. Asiyejua herufi asomewe, waone kama anaelewa. Na kabla ya yote mtu aambiwe kwamba mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli. Unatafuta tu pa kumwanzishia. Anayejifanya anajua anajidanganya mwenyewe, maana atapelekwa mahali pasipomfaa.

Wiki iliyofuata waliwapima wote upya. Likafunguliwa darasa la wenye herufi, wakafundishwa maana. Likafunguliwa jingine la wenye maana, wakafundishwa herufi. Mlio wa maneno ukabadilika shuleni. Darasa la Ghanim lilikuwa na makelele, kwa sababu kila mtu alikuwa akiuliza. Sleyum hakusinzia tena. Mara nyingi yeye na Ghanim walitembea pamoja baada ya masomo, huyu akimwandikia mwenzake maneno mchangani, yule akimweleza maana yake, na ukiwasikia utadhani wanagombana.

Kushuka kwa Ghanim Bi Mahbuba alikuchukua vibaya kwa muda. Alisema halwa imeshaliwa na haiwezi kurudishwa. Kisha akauliza kama wanawake nao hupimwa, na kama mtu wa umri wake anaweza kuja. Masouda alimpima mwenyewe, akamwandika.

Siku za majaribio ya Ghanim ghalani zilikwisha. Masouda alikuwa jikoni adhuhuri ile, na hakuweza kufanya kitu kwa moyo mmoja. Wali uliungua upande. Ghanim aliporudi, alivua viatu polepole, akakaa mkekani. Masouda aliuogopa uso wake.

"Haya, sema," alimwambia.

"Bwana Harub kaja na karatasi mpya. Haina irabu hata moja. Kanipa mbele ya wapagazi wote."

"Ukaisoma kwa sauti?"

"Sikuisoma kwa sauti. Nimeisoma kimya, kwa kidole. Wenyewe walikuwa wakingojea niimbe." Akatabasamu kidogo. "Nimeelewa yote, isipokuwa neno moja. Nikamwambia, bwana, hili silijui, nieleze."

Masouda aliweka mwiko chini. "Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Nimesikia joto mpaka masikioni."

"Akasemaje?"

"Kanieleza. Kisha kaniuliza tangu lini nimeanza kuuliza. Nikamwambia, tangu mke wangu aliponishusha darasa."

Ghanim aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za ghala, funguo ambazo Bwana Harub hakuwahi kumpa mtu aliye kwenye majaribio, akaziweka juu ya mkeka mbele ya mkewe. Masouda alizitazama. Alitaka kusema kitu cha maana, mwalimu mzima kama yeye, lakini alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja, na wali ulikuwa ukiendelea kuungua.