Mkasi wa Mkononi

Jua lilikuwa linazama. Fundi cherehani aliuviringisha mkasi katika kitambaa, akamwambia mkewe anampelekea dada yake zawadi. Zawadi. Njia nzima alilirudia neno hilo, na kila aliporudia uso ulimwaka kwa haya.

Mkasi huo alipewa na mjane wa fundi mzee, yule aliyezikwa na subana yake, kile kikofia cha chuma cha kidole, kwa sababu ilikataa kutoka kidoleni. Mafundi hawapokezani mkasi mkononi. Mmoja huuweka mezani, mwenzake huuokota. Lakini mjane alimtilia mkononi, akamkunjia vidole kimoja kimoja. Fundi alidhani ni uzee tu. Tangu hapo cherehani ikawa inakata nyuzi ovyo, wateja wakamkimbia, kisha miguu ya mkewe ikafa ganzi. Ikawa haikanyagi tena sakafu.

Alipomrudia mjane kuuliza, hakufichwa.

"Usiuite mkosi," mjane alisema. "Mkosi humpata mtu, ukapita. Kisirani ni cha siku, ukilala kimekwisha. Hii ni nuksi, baba. Inakaa ndani ya kitu na kumwandama mwenye kitu. Ukiutupa mkasi, utaukuta nyumbani. Mpaka mtu aupokee mkononi, kwa hiari yake."

"Nawe ukanipa mimi?"

Mjane akainamisha kichwa. "Nina mjukuu."

Sasa fundi alibisha hodi kwa dada yake, mdogo wake wa pekee, aliyeanza ushonaji juzijuzi katika chumba chake cha kupanga.

"Ehe! Kaka leo umepotea njia, au wifi amekufukuza?"

"Nimekuletea kitu."

Alipoufungua, chumba kilijaa harufu ya chuma kilicholala majini. Dada akasogeza vitambaa. "Weka hapo mezani."

Hakuweka. Alinyoosha mkono tu, macho yake ukutani.

Dada akamtazama usoni.

"Una neno mkasi huu, kaka?"

"Hauna neno."

Akaupokea.

Fundi hakungoja chai. Alitoka upesi, mkono mwepesi kama si wake. Mwisho wa mtaa akaisikia nyuma yake sauti ya mkasi ukikata...

Krich.

Krich.

Akasimama. Alikumbuka dada yake alipokuwa mdogo, akivaa mashati ya zamani ya kaka yake na kujisifu kwayo. Aliketi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, asiweze kwenda nyumbani wala kurudi. Taa za mtaa zilipowaka, akarudi mbio.

"Nipe! Nirudishie mkasi!"

Dada alishangaa. "Si wifi ameshauchukua? Ametoka hapa sasa hivi. Nimefurahi, kaka, anatembea! Amenyoosha mkono, nikampa."

"Wifi yako hawezi kusimama."

Dada akaketi taratibu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilijua ni nuksi. Mjane alinijia nao kabla ya kuja kwako, nikamkatalia."

"Sasa kwangu uliupokelea nini?"

"Kwa sababu hukuthubutu kunitazama. Nilingoja uniambie tu, kaka. Ungeniambia, ningeupokea vilevile."

Fundi aligeuka, akaondoka. Afadhali angempiga kofi.

Nyumbani aliukuta mlango wazi. Mkewe alikuwa kitandani, usingizini, akipumua vizuri. Fundi alimfunua blanketi miguuni.

Nyayo zilikuwa na vumbi.

Krich.

Ilitoka pembeni, kwenye giza la cherehani. Ikafuatia harufu ile... kisha sauti ya mkewe, tamu, ya kunong'ona, ilhali mkewe midomo imefumba.

"Baba, pokea. Nimekuletea zawadi."

Mkasi ulichomoza gizani, mpini umemwelekea yeye. Fundi alimtazama mkewe. Akamfikiria dada yake, aliyekuwa tayari kuupokea huku akijua.

"Si zawadi," akasema. "Ni nuksi. Nami naijua."

Akanyoosha mkono.

Vidole baridi vilimkunjia vyake, polepole, kimoja kimoja. Na kimojawapo kilikuwa kigumu, kimevaa kikofia cha chuma chenye vishimo vidogovidogo vya kusukumia sindano.