Pepo wa Kwenye Mshono

Macho ya kioo yaliyofungwa juu ya nguzo za Morogoro yalipiga picha kwa pamoja, na mtambo uitwao Mshonapicha ukaziunga mpaka mji mzima ukaonekana kama kitambaa kimoja, kuanzia milima ya Uluguru hadi stesheni. Droni za uokoaji ziliruka kwa kufuata picha hiyo. Pale isipoonyesha mtu, hazikwenda.

Aliyeuunda ni mhandisi Zamoyoni Mkude. Kilichomsumbua tangu mwanzo ni vitu vya karibu. Nguzo mbili haziangalii kutoka mahali pamoja. Mlima ulio mbali hutulia, lakini mtu aliye karibu jicho moja humwona huku, la pili humwona kule. Picha zikishonwa, mtu mmoja hutoka wawili, wamefifia. Vijana wa karakana wakacheka, wakawaita pepo. Zamoyoni naye akauwekea mtambo amri aliyoiita Fukuza Pepo: ukiona pacha kwenye mshono, futa wote wawili. Picha zikawa safi, wakubwa wakampongeza.

Kisha mto ukafurika. Shomari, mlinzi wa king'ora cha mafuriko, alikuwa juu ya paa la kituo chake, karibu kabisa na nguzo. Droni hazikumfuata, na maji yakamchukua. Kwa kuwa picha ilionyesha paa tupu, mtaa ukasema alikimbia akaacha watu wafe. Hata kwenye hitima yake walikuja wachache.

Zamoyoni alikwenda. Wageni walipotawanyika, akaketi mkekani mbele ya mama wa marehemu, Bi. Siwema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ile picha. Umekuja kuniongezea uchungu au kunipunguzia?"

Zamoyoni akamwekea picha mbili ambazo hazikushonwa. Katika moja Shomari alikuwa kushoto kwa mnara wa msikiti, katika nyingine kulia. Akamwomba anyooshe kidole gumba mbele ya uso, afumbe jicho hili, kisha lile.

Bi. Siwema akafanya. "Kinahama," akasema. Akarudia polepole. "Lakini ni kidole changu."

"Ndiyo, mama. Ni mwanao yule yule. Mimi nilimwita pepo, nikaagiza afukuzwe."

Bi. Siwema akaifuta picha kwa ncha ya khanga, ingawa haikuwa na vumbi.

"Anazungusha nini?"

"Mkono wa king'ora. Umeme wa kituo ulikatika, akawa anakipiga kwa mkono, ila mngurumo wa maji ukaimeza sauti."

"Basi hakukimbia."

"Hakukimbia."

Kusamehe, mama alisema, angemwomba Mungu amfundishe, maana leo hakujui. Kisha akainuka, akajifunga khanga vizuri.

"Beba picha zako. Tunaanza kwa Mama Pili, ndiye aliyesema sana."

Wakatoka. Mlangoni kwa Mama Pili, Bi. Siwema akasogea pembeni.

"Piga hodi wewe."

Zamoyoni akazishika picha mbili kwa mkono mmoja, akapiga hodi.