Kengele ya Ikupa

Kila asubuhi Tukuswiga na mdogo wake Ikupa walikwenda shuleni kando ya barabara kuu ya Tunduma, wakiyapita malori yaliyopanga foleni kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Ilikuwa Septemba na vumbi lilikuwa jingi. Wote wawili walipiga chafya, na kila mmoja alikuwa na dawa mkobani: Tukuswiga vidonge vya mzio, Ikupa pampu ya bluu ya kuvuta kwa mdomo kwa ajili ya pumu.

Shuleni Tukuswiga alishika fagio pamoja na wenzake wa darasa la sita. Ikupa, kwa kuwa vumbi lilimbana kifua, hakufagia. Alipewa kazi iliyotamaniwa na kila mwanafunzi: kugonga kengele, yaani rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa mbele ya ofisi.

"Tazameni malkia wa rimu!" Lusajo, mmoja wa wafagiaji, alitania. "Dada mtu anakula vumbi, mdogo mtu anagonga!"

Tukuswiga hakucheka. Vumbi ni lile lile, aliwaza, na chafya ni zile zile. Kwa nini pampu impe Ikupa heshima, na kidonge kisinipe chochote?

Siku hiyo aliichomoa pampu mkobani mwa Ikupa, akaacha kidonge chake mahali pake. "Dawa kwa dawa," alijiambia. "Sijamwibia." Alikusudia kumwonyesha Mwalimu Mbonile, aliyegawa kazi, kwamba yeye pia alikuwa na pampu na alistahili kengele.

Kabla hajafika ofisini, rimu ililia mara moja, mara mbili, kisha kimya. Ikupa alikuwa amechuchumaa, kifua kikitoa mluzi, vidole vikipekua mkoba. Alikitoa kile kidonge, akakitazama bila kuelewa.

"Pampu... haipo."

"Meza hicho basi!" Lusajo alihimiza.

Tukuswiga angeweza kunyamaza. Lakini aliona mabega ya mdogo wake yakipanda na kushuka, hewa isiingie.

"Hakitamsaidia!" alipaza sauti mbele ya shule nzima. "Pampu ninayo. Nimeichukua mimi."

Mwalimu Mbonile alimketisha Ikupa wima, akaitikisa pampu na kumsaidia kuivuta taratibu. Mluzi ulipopungua, aliwapeleka wote wawili zahanati.

Nesi Paskalina alimpima Ikupa, kisha akamgeukia dada yake.

"Kidonge chako hutuliza chafya na muwasho wa pua. Hakifungui njia za hewa zilizobana kifuani. Pampu ya bluu huzifungua kwa dakika chache. Ile ya kahawia, anayoivuta nyumbani kila siku hata akiwa mzima, huzuia zisivimbe. Vumbi ni moja, mwanangu, lakini miili yenu haiumizwi nalo sawasawa."

"Nilitaka kengele tu, nesi," Tukuswiga alisema huku akilia.

"Uliiona kengele, hukuiona pumu. Ukimwonea mtu wivu, uliza kwanza anabeba nini pamoja na hicho unachokitamani. Na dawa ya mwenzako usiiguse kamwe. Chafya zikikuzidi, njoo tukupime."

Kesho yake Tukuswiga aliwahi shuleni na ndoo ya maji, akaunyunyizia uwanja ili vumbi litulie kabla ya wenzake kuanza kufagia. Ikupa alimnyooshea chuma cha kugongea.

"Leo gonga wewe, dada."

"Gonga wewe," Tukuswiga alijibu. "Nataka niisikie kengele ikilia mpaka mwisho."