Kiungo cha Tatu

Kila asubuhi, kabla wanafunzi hawajapanda basi la shule, Povu huinama nyuma ya basi akiwa na brashi na kopo la maji ya sabuni. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu ya kazi hiyohiyo. Mama yake, dereva na fundi wa basi, hufungulia gesi ya haidrojeni, naye Povu hupaka sabuni kwenye viungo vinne vya bomba. Sabuni ikitulia, kiungo ni kizima. Ikitoa mapovu, gesi inavuja, na cheche moja yatosha kuilipua.

Basi lenyewe huenda kwa umeme wa betri. Likifika mlimani, ambako betri huzidiwa, mama huwasha injini ndogo ya kuzalisha umeme. Injini hiyo haitaki dizeli wala petroli. Huchoma haidrojeni, na badala ya ule moshi mweusi wa basi la zamani, hutoa mvuke tu.

Siku hiyo kulikuwa na mtihani wa hesabu, na Povu alichelewa kuamka. Alipaka viungo viwili, sabuni ikaisha. Akaona uvivu kwenda kuchanganya nyingine. Viungo viwili vilivyobaki alivinusa tu, kama babu anavyonusa pikipiki yake ya petroli. Hakusikia harufu yoyote.

"Vipi, mwanangu, tayari?" mama aliuliza.

"Tayari, mama. Vyote vizima."

Hawajafika mbali, Povu akakumbuka. Haidrojeni haina harufu! Mama alishamwambia mara ngapi? Kando yake, mdogo wake wa darasa la kwanza alikuwa akihesabu vidole, na nyuma watoto thelathini wakiulizana maswali. Akisema, wote watachelewa mtihani na watamnunia mwaka mzima. Asiposema je? Mlima huo hapo mbele.

Mama akanyoosha mkono kwenye swichi ya injini.

"Mama, usiwashe!" Povu alipiga kelele. "Nimekudanganya! Viungo viwili sikuvipaka sabuni, nilivinusa tu!"

Watoto wote wakamkodolea macho. Mama akaegesha pembeni, akawashusha wote na kuwasogeza mbali. Akachanganya sabuni ya kunawia na maji ya kunywa, akafungulia gesi kidogo na kupaka. Kiungo cha tatu kikafura mapovu. Akafunga gesi, akakaza nati, akapaka tena. Safari hii sabuni ikatulia.

"Mtihani ndio basi tena," mmoja alinung'unika.

"Mwalimu wenu nitamweleza mimi," mama alijibu, kisha akamgeukia Povu. "Nimekasirika, sikufichi. Na mimi nina kosa, nilipaswa kuhakikisha kwa macho yangu. Lakini umesema tungali huku chini, ndiyo maana bado nina mtoto wa kumgombeza. Uongo ukikuponyoka, mwanangu, usingoje wakati mzuri wa kuukiri. Sema hapohapo, hata kama basi zima linakukodolea macho."

Povu alitaka kuomba radhi, akaishia kulia. Mama akamkumbatia kwa mikono yake yenye sabuni.