Aliyenitangulia Mlangoni

"Elfu themanini!" nilimfokea mke wangu. "Elfu themanini za kodi hazina miguu. Umempa nani?"

"Nimekupa wewe."

"Mimi?"

"Wewe, baba. Jana, saa kumi na mbili na robo jioni. Ulisimama hapo hapo uliposimama sasa. Ukasema nipe kodi nikalipe, nikakuhesabia mkononi. Ukasema ahsante."

Hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Mimi huwa sisemi ahsante.

Mimi ni fundi wa makufuli na vitasa. Sikusomea, nilijifunza kwa kuharibu vya watu mpaka nikaacha kuharibu. Kazi yangu haina longolongo: ufunguo unaingia au hauingii. Na maneno yangu ni hivyo hivyo. Nafunga kibanda saa kumi na mbili na nusu, nafika nyumbani saa moja. Jana hiyo, saa kumi na mbili na robo, nilikuwa kibandani nasugua ufunguo kwa tupa, na mshona viatu wa jirani ni shahidi wangu.

Basi kuna mwanamume. Anaingia kwangu. Na anashukuru!

Dalili zilikuwepo siku nyingi, nami kama kipofu. Sahani yangu imeshaliwa. Taulo langu limelowa. Kiti changu nikikikalia nakikuta kina joto... Na ile harufu. Si manukato, si jasho. Harufu ya nguo iliyokaa sandukuni miaka.

"Nipe simu," nilimwambia. Sikumnyang'anya. Sichungulii vya watu. Nikitaka kitu, naomba macho kwa macho.

Alinipa.

Hamkuwa na mwanamume humo. Kulikuwa na kikundi cha wanawake, maelfu, hawajuani hata sura, wanaulizana mambo ambayo mtu huona haya kumuuliza dada yake wa tumbo moja. Wiki tatu nyuma mke wangu alikuwa ameandika: "Wapendwa, mume wangu hanipigi wala hana mchepuko. Ila akiingia ndani, naogopa hata kukohoa. Nifanyeje?"

Iliniuma kuliko ngumi. Kawaambia wasiomjua, hakuniambia mimi.

Majibu yalikuwa ya mzaha mtupu. Mmoja: "Rudi kwenu shoga yangu, ukakohoe kwa raha." Mwingine: "Na wewe mfokee, uone nani atachoka." Halafu mmoja asiye na picha, anajiita Mama Tulivu:

"Mkaribishe kabla hajafika. Jua likianza kuzama, fungua mlango. Sema, karibu mume wangu, pole na kazi. Mwekee chakula. Fanya hivyo siku saba. Mmoja akishaitikia, usimkaribishe wa pili."

Siku ya nane mke wangu kauliza tena: "Jamani, mume wangu sasa anarudi mara mbili. Wa kwanza mpole, ananisimulia siku yake. Wa pili ni yule yule wa zamani. Nifanyeje?"

Wakamcheka. "Una bahati mwenzetu, wa kwangu hata mara moja harudi." "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

Mama Tulivu aliandika neno moja.

"Chagua."

"Unaamini upuuzi huu?" nilimuuliza. Sauti ilinitoka ndogo.

"Sikuamini," alinong'ona. "Mpaka aliponiitikia."

"Ana sura gani?"

"Yako."

"Na sauti?"

"Yako... ikiwa haina hasira."

Angekuwa mtu mwingine ningemng'oa meno. Lakini utamng'oaje meno mtu mwenye meno yako mwenyewe? Wivu ulinijaa mdomoni, sina pa kuutemea.

"Anakusimulia nini?"

"Mambo ya kazini. Ule ufunguo wa yule mjane, uliokatikia ndani ya kitasa. Ulivyoogopa kumwambia kwamba umeukata wewe."

Ile habari sikuwahi kumsimulia mtu.

Kesho yake nilifunga kibanda saa kumi na moja.

"Unakimbilia wapi leo?" aliuliza mshona viatu.

"Kumfumania mtu."

"Mtu gani?"

Nilikuwa nimeshaanza kutembea.

Nilifika jua lingali juu ya mapaa, nikijua safari hii nimemtangulia. Nikasikia kicheko cha mke wangu. Kicheko kile nilikisikia mwaka tuliooana, basi. Kisha sauti ya mwanamume, ya taratibu, iliyotulia.

Sauti yangu.

Nilipiga hodi. Kwangu mwenyewe, nikapiga hodi.

Nikapiga tena.

"Hodi!"

Nyayo zikaja, nyepesi. Nilisikia pumzi ya mke wangu nyuma ya mlango.

"Nani?"

"Mimi."

"Umeshaingia," alinong'ona. "Tafadhali... ondoka."

Nikatoa ufunguo. Sijawahi kushindwa na mlango, na kitasa kile nilikipachika kwa mkono wangu. Ufunguo uliingia. Ukazunguka. Mlango ukafunguka wazi. Nikanyanyua mguu.

Haukuvuka.

Nilijaribu mara tatu. Kila mara mguu ulirudi nje wenyewe, kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Ile harufu ya sanduku ilinipiga usoni. Kitini kwangu alikaa mtu, kanipa mgongo. Shati langu. Kisogo changu, ambacho sijawahi kukiona. Hakugeuka.

"Pole na kazi," alisema kwa upole.

Mke wangu alikuwa analia. Alikuwa ameuziba mdomo wake kwa viganja viwili, neno lisimponyoke. Kisha akausukuma mlango kwa bega, polepole, mpaka ukafungika.

Leo ni siku ya tatu nalala kibandani, juu ya benchi. Nimekiandikia kikundi kile kisa chote, bila kujificha. Wengi wamecheka. Mama Tulivu ameniuliza swali moja tu:

"Wewe ni yupi?"

Nimemjibu. Mimi ndiye niliyemuoa. Miaka sita nimelala chini ya paa lile, kwa hasira zangu na kwa jasho langu. Simuombi mtu fadhila. Namdai mke wangu neno moja, na ninalitaka leo, kabla jua halijazama.

Aniambie karibu.