Siku za Mama Mdogo

Kila alipotoka shuleni, Sisimizi alivua sare na kwenda moja kwa moja chumba cha mbele kukunja nguo. Jina hilo alipewa kwa sababu hakujua kutulia. Mama mdogo, aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa dobi, na chumba kile kilinuka wanga na mvuke wa pasi kutwa nzima. Mashuka yalikaa upande huu, mashati upande ule, na pembeni kulikuwa na kikapu cha nguo za vichanga wa majirani. Kikapu hicho mama mdogo alikiacha mwisho siku zote.

Nyumba ile haikuwa na njaa wala ugomvi, lakini ilikuwa na huzuni. Mama mdogo na mumewe, dereva wa lori, walikuwa wametafuta mtoto kwa miaka sita bila mafanikio. Watu wazima hudhani wakinong'ona watoto hawasikii. Wanajidanganya.

Wifi ya mama mdogo, mwenye watoto wanne, ndiye aliyemfundisha. "Hesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi," alimwambia. "Ya kumi na nne ndiyo siku ya kushika mimba. Mimi sijawahi kukosea." Basi kila mwezi baba mdogo alibadilishana safari na madereva wenzake ili awe nyumbani siku hiyo. Wakamtania kwamba anaogopa kalenda kuliko bosi. Siku hiyo ikipita, anapanda lori na kwenda zake.

Hedhi ya mama mdogo ilikuja kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kulikuwa ukatili, maana kila mara alianza kutumaini. Ilipokuja, alipiga pasi shuka lilelile mara mbili tatu.

Jumamosi moja bibi, mama mzazi wa baba mdogo, alikuja kuwatembelea. Wakati wa kuaga, alimshika mwanawe mkono pale mlangoni.

"Ukoo wa mkeo damu yao haina mpango," alisema. "Hata marehemu dada yake alibahatisha huyu mmoja tu. Mwanangu, utazeeka bila wa kukuita baba."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Sisimizi, aliyekuwa nyuma ya pazia na rundo la mashati, alisikia yote. Alikuwa amevunja ungo mwaka uleule, kisha hedhi ikapotea karibu miezi miwili. Kumbe na yeye damu yake haina mpango! Aliogopa sana, lakini hakumwambia mtu. Aliona atamwongezea mama mdogo mzigo juu ya mzigo.

Tangu siku hiyo chakula kilimshinda. Shuleni alisinzia, na nyumbani akawa mzito. Mwishowe alisahau pasi juu ya shati la mteja, na kola ikaungua.

Mama mdogo aliikimbilia pasi akainyanyua. Kisha akamtazama usoni.

"Shati tutalipa. Wewe una nini?"

"Mama mdogo," Sisimizi alisema huku machozi yakimtoka, "na mimi ni mgumba. Damu yangu haina mpango. Bibi alisema."

Mama mdogo aliketi juu ya mashuka safi, jambo ambalo hakumruhusu mtu kulifanya. Kesho yake alifunga chumba cha mbele, wakaenda zahanati.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Alimsikiliza Sisimizi mpaka mwisho.

"Huumwi, binti," alisema. "Miaka ya mwanzo hedhi huruka huku na huku, mwili bado unajifunza kazi. Ikipotea miezi mitatu, rudi tukuangalie. Hata wanawake wazima hawafanani. Mmoja mzunguko wake ni siku ishirini na nane, mwingine thelathini na tano, na wote ni wazima."

"Na yai?" mama mdogo aliuliza ghafla. "Si linapevuka siku ya kumi na nne?"

"Kwa wengine. Mara nyingi yai hutoka kama wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko mrefu, yai lake huchelewa. Tena hata kwa mtu mmoja, mwezi huu na ujao huweza kutofautiana."

"Mwenye thelathini na tano, kama mimi, je?"

"Huyo ni karibu siku ya ishirini na moja. Siku hiyo na siku chache kabla yake ndizo zenye nafasi."

Mama mdogo alifumba macho. Siku zote hizo, mumewe alikuwa barabarani.

"Mje wote wawili," muuguzi aliongeza. "Baada ya miaka sita, mume naye hupimwa. Mlipaswa kuja zamani."

Baba mdogo aliporudi safari alimkuta bibi sebuleni. Mama mdogo aliyaeleza yote mbele yao, bila kunong'ona.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" bibi aliuliza.

"Letu sote, mama," baba mdogo alijibu. "Sote tulisema, hakuna aliyeuliza. Kliniki nitakwenda naye, na mimi nitapimwa."

Bibi alichukua mkoba wake akaondoka, na safari hii hakumshika mtu mkono.

Sisimizi alimsogelea mama mdogo. "Kwa hiyo sasa utapata mtoto?"

"Sijui, mwanangu. Muuguzi hakuniahidi, na mimi siwezi kukuahidi. Pengine tumechelewa." Alimketisha kando yake. "Lakini miaka sita nimehesabu siku za wifi yangu, nikauchukia mwili wangu kwa kosa ambalo haukulifanya. Wewe wako usiuchukie. Ukikutia hofu, usinifiche na usisikilize mlangoni. Njoo tuulize."

Sisimizi aliitikia kwa kichwa. Mchana ule, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alikula akamaliza sahani.