Njoo Tukure

Kwa maelezo ya Spika, jirani wa chumba cha mbele, mwalimu alitolewa darasani na pingu mikononi, gari likimngoja getini injini inanguruma. Alikutwa na simu tatu, na kila simu ilikuwa na picha ambazo mtu mzima na ndevu zake akiziona lazima afumbe macho. Wanafunzi walilia. Mwalimu mkuu alizirai akamwagiwa maji. Spika mwenyewe hakuwepo, ila aliyemsimulia anakaa nyumba moja na mtu aliyekuwepo.

"Mimi sisemi," alisema, amesimama mlangoni kwa Fundi na kijiko cha kukorogea uji bado mkononi. "Umbea si kazi yangu. Lakini ningekuwa wewe, mdogo wangu, hiyo pete aliyokuvisha ningeivua mapema."

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa anakunja pindo la sketi ya bluu ya shule, pini nne zimebanwa midomoni. Alizitoa moja moja.

"Pingu gani, dada? Jana jioni alikuja hapa kwa miguu yake, akanywa chai."

"Basi atakuwa ametoroka!"

Fundi akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kweli mwalimu alikuja, na kweli alikunywa chai, ila aliacha nusu kikombe. Alikuwa amesimamishwa kazi. Kuna ukurasa aliokuwa akiuendesha mtandaoni kwa jina la bandia, akibandika makosa ya wanafunzi, watu wanacheka. Bibi wa mtoto mmoja alikwenda kulalamika. Sasa kamati ya nidhamu ya walimu ingekaa Alhamisi, na ikimkuta na hatia asingekanyaga tena darasani.

"Ni vichekesho tu, mpenzi," alimwambia. "Sijamtukana mtu. Sijamgusa mtu. Lakini wale hawanijui. Nataka mtu anayenijua aje aseme mimi ni mtu wa namna gani."

"Nitakuja."

"Hujaniuliza hata watakuuliza nini."

"Waulize watakachouliza. Wewe si ndiye wewe?"

Mwalimu alimshika mkono, akaugeuza, akabusu ncha ya kidole iliyojaa vitundu vya sindano. Hana kazi nyingine anayoijua, huyu mtu. Hata akiwa anakula, akimwona mtoto anapita na daftari anageuza shingo.

Walikutana kwenye duka la kuchapisha, wiki ya kufungua shule, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Mashine inatema karatasi za moto, kila mtu ana haraka zake. Fundi alikuwa na karatasi yenye maneno ya bango lake la kazi, amevaa gauni la njano alilolishona kwa mabaki, viraka vimepangwa kwa akili hadi vikageuka urembo. Nyuma yake alisimama mwanaume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, chaki kwenye kiwiko.

"Samahani, dada," alinong'ona. "Kabla hajakuchapia. Hapo ulipoandika tunashona kwa halaka."

"Kuna nini?"

"Ni haraka."

"Si ndivyo nilivyoandika?"

"Umeandika halaka."

"Ndiyo. Halaka."

"Haraka."

"Kaka, mbona unarudia ninachosema?"

Watu wa nyuma wakaangua kicheko, lakini yule mwanaume hakucheka. Fundi aliliona hilo, na ndilo lililomwingia. Mwanaume alichukua kalamu, akaandika maneno yote mawili, akampa ayatazame kwa utulivu kama vitambaa viwili vya rangi inayokaribiana. Masikioni mwa Fundi herufi zile, l na r, zilikuwa pacha. Ulimini, aliyekuwa karibu na mlango ndiye aliyetoka. Aliishia darasa la saba, na huko nyuma hakuna aliyewahi kumtenganishia pacha hao bila fimbo.

"Wewe ni mwalimu," alisema.

"Umejuaje?"

"Umechafuka chaki. Na una subira ya kuudhi."

Kuanzia hapo simu yake haikupoa. Mwalimu alimpigia wakati wa mapumziko, kelele za watoto nyuma yake. "Fundi wangu, umekula?" "Mwalimu wangu, umefundisha nini leo?" "Sehemu." "Sehemu gani?" "Sehemu kama nusu, robo." "Na mimi nakata nusu na robo kila siku, mbona silipwi mshahara wa ualimu?" Na akishafunga kazi Fundi alimwandikia. Alimwandikia ujumbe mrefu, wa vyakula, wa wateja wanaonenepa wakasema gauni limepungua, wa namna anavyosikia hatua zake uani akajua ni yeye. Hakuwahi kumwandikia mtu namna hiyo. Aliandika kwa sababu mwalimu alijibu kila neno na hakumsahihisha hata mara moja.

Jumatano mchana, kesho yake ndiyo kamati, Spika aliingia na simu mbele kama mtu aliyebeba sahani ya moto.

"Nimeupata! Ule ukurasa wake. Picha chafu hakuna, mdogo wangu, nimetafuta mpaka macho yameuma. Lakini jamani, huyu mwanaume anachekesha! Niombe radhi, nilimsema vibaya. Njoo uone."

Fundi alisogea. Kulikuwa na picha za majibu ya mitihani, na chini ya kila jibu maneno ya mzaha na vicheko vya watu wasiohesabika. Kulikuwa na insha ya mtoto, mwandiko wa penseli uliolemea upande mmoja. *Mama yangu amerara. Bibi anasema ataamka mbinguni.* Juu yake mwalimu alikuwa ameandika: *Huyu mama kararuka wapi tena?*

Spika aliacha kucheka hapo. "Hii si nzuri," alikiri. "Hii ndiyo iliyoleta kesi. Watoto wenzake waliiona, wakawa wanamwita Amerara. Hataki tena shule." Akauvuta ukurasa haraka kwenda chini. "Lakini hii sasa! Hii imenimaliza mbavu. Kuna mwanamke sijui kamwokota wapi. Sikia."

Akasoma kwa sauti, akibana pua:

"*Mwarimu wangu usikawie, chakura kinapoa. Njoo tukure. Mimi peke yangu siwezi kura.*"

Spika alijipiga paja. "Na yeye kaandika juu: *Uchaguzi umefika, mpiga kura anaomba wakala!* Na watu chini, we! Mmoja anasema mpelekeeni sanduku. Mwingine anasema kura yake imeharibika. Ha! Mwingine..."

Alinyanyua macho, akakutana na uso wa Fundi.

Mashine ya kushonea ilikuwa bado inazunguka, Fundi alikuwa amesahau mguu juu ya kanyagio. Uzi ulijikusanya chini ya kitambaa ukawa donge.

"Ni nani huyo?" aliuliza Spika, sauti imeshuka. Halafu akasema, "Uwii," akaketi juu ya kiti cha wateja bila kukaribishwa, akailaza simu kifudifudi mapajani.

Simu ililia jioni ileile. Fundi aliiacha ilie, ikakata, ikalia tena, akaipokea.

"Mpenzi, kesho uvae lile gauni la kijani," alisema mwalimu. "Linakupa heshima. Nitakusubiri nje ya..."

"Mpiga kura," alisema Fundi.

Upande wa pili hatua zilisogea. Mahali fulani mlango ulifungwa.

"Nilifunika jina lako," alisema mwalimu hatimaye.

"Nimeona."

"Ilikuwa zamani, tulipokuwa ndiyo kwanza tunaanza. Nilikuwa nimekaa peke yangu na ule ujumbe, naupenda, nausoma na kuusoma. Nikataka wengine nao waone ulivyo mtamu."

"Wakaona utamu?"

Mwalimu alianza tena, "Fundi wangu..."

"Nauliza. Wakaona utamu?"

"Wakacheka. Na mimi nikaona wanacheka, nikafurahi kuchekesha. Ukishawachekesha watu wengi siku moja, kesho yake unatafuta cha kuwapa. Nisamehe, Fundi wangu. Usipokuja kesho nitaelewa."

"Umenicheka nyuma ya kisogo," alisema Fundi. Alianza neno jingine, akalisikia linavyokuja na zile herufi zake, akaliacha. Alikata simu.

Tangu saa hiyo alianza kuyachagua maneno. Aliwakagua pacha wake kabla hajafungua mdomo, na neno lenye mmoja wao aliliruka kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa na viatu vyeupe. Mteja aliuliza nguo itakuwa tayari siku gani. Fundi, badala ya kusema Jumapili, akasema, "Kesho kutwa, na nyingine, na nyingine mbele yake." Alisikia masikio yanamchoma, maana hata *mbele* ilimponyoka.

Alhamisi alivaa gauni la kijani. Hakulivaa kwa ajili yake. Ndilo lililokuwa safi.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, feni ya juu yenye bawa moja lililopinda, na viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Bibi wa yule mtoto alikaa pembeni, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Mwalimu alisimama mbele, shati jeupe lilelile la siku ya bango. Alikubali yote. Ndiyo, ukurasa ni wake. Ndiyo, insha aliipiga picha yeye. Alipoulizwa kwa nini, alisema hana jibu linalomfurahisha hata yeye mwenyewe.

Fundi aliitwa.

"Unamfahamu?" aliuliza mwenyekiti.

"Namfahamu. Ni mchumba wangu."

"Anasema unaweza kutuambia ni mtu wa namna gani. Jisikie huru, mama. Tuambie."

Fundi alitazama meza. Maneno aliyatayarisha yakiwa yamechambuliwa kama mchele.

"Uso kwa uso ni mtu mwema," alisema. "Ananisikia hadi mwisho. Hajanicheka hata siku moja."

Mwalimu aliinua kichwa. Kwenye macho yake kulikuwa na tumaini, na lilimuuma Fundi kuliko kitu chochote cha wiki ile. Akiishia hapo hapo, akikaa chini bila kuongeza neno, pengine wangemrudisha darasani. Aliliona jambo hilo wazi kama anavyouona mshono. Upande wa pili yule bibi alikuwa ameanza kuukunja mkoba.

"Na huko mtandaoni?" aliuliza mwenyekiti.

Hapo hapakuwa na njia ya kuzunguka.

"Huko arinicheka," alisema Fundi. "Mwarimu wangu arinicheka. Ure ujumbe wa kura ni wangu."

Hakuna aliyecheka. Mwandishi wa kamati aliacha kuandika. Fundi aliona kwamba ameshaingia dimbwini na viatu vyake, akaendelea.

"Mimi ni mtu mzima. Nitaria, nitaamka, nitashona. Yure mtoto ariandika kitu cha moyoni kwa sababu ariyekuwa anamwandikia ni mwarimu wake. Sasa atamwandikia nani tena?"

Bibi aliweka mkoba sakafuni, akajifuta uso kwa kiganja.

Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua. "Una neno lolote?" alimuuliza mwalimu.

"Sina," alisema. "Amesema sawa."

Waliambiwa wasubiri kwenye veranda, na walipoitwa ndani hukumu haikuchukua muda. Asingefundisha. Baada ya miaka kadhaa angeruhusiwa kuomba upya, na kamati ya wakati huo ingeamua yenyewe. Mwalimu alimfuata yule bibi mlangoni, akainama, akamwomba radhi. Bibi alimsikiliza. "Nitamfikishia," alisema tu, akaondoka na mkoba wake.

Wakabaki wawili chini ya paa la bati, jua limepiga uwanja mpaka unameta. Kutoka shule ya jirani ilisikika sauti ya darasa zima likiimba jedwali la mara saba. Midomo ya mwalimu ilikuwa inafuatisha bila yeye kujua.

"Ungeweza kunyamaza," alisema.

"Ningeweza."

"Umenichukia?"

"Ningekuchukia nisingekuja."

"Basi nini, Fundi wangu?"

Fundi alinyoosha mkono akampangusa chaki begani. Haikuwa chaki, ilikuwa vumbi la ukuta. Pete ilikuwa bado kidoleni; aliitazama yeye, naye mwalimu akaitazama, hakuna aliyeigusa kwa maneno.

"Nenda ukapumzike," alisema. "Na mimi nina kazi za watu."

Alitembea mpaka nyumbani. Spika alikuwa kizingitini, akafungua mdomo, akaufunga, akamsogezea ndoo ya maji anawe miguu. Fundi aliketi kwenye cherehani, akaanza kufumua lile donge la uzi la jana, taratibu, kwa ncha ya pini.

Simu ikalia, ujumbe umeingia.

*Ukurasa nimeufuta,* aliandika mwalimu. *Kazi imekwenda na sidai. Mshahara sina wa kukuahidi tena. Nakuomba kitu kimoja tu. Niandikie. Lisiwe refu, hata neno moja, unavyoandika wewe. Nikiona umeniandikia nitajua bado nipo kwako.*

Fundi aliusoma, akaurudia. Kidole kilisogea juu ya herufi, kikasimama. Neno alilokuwa nalo alilijua. Alilikagua kichwani kwa mazoea mapya aliyoyapata, *nimekusamehe*, herufi moja baada ya nyingine, na pacha hawakuwemo hata mmoja. Lilikuwa neno ambalo angeliandika sawasawa, popote, mbele ya yeyote.

Kioo cha simu kikafifia, kikazima. Fundi akaiweka juu ya meza bila kuliandika, karibu na mkasi, akavuta sketi ya bluu na kukanyaga mashine.